Matope ya Basi la Nyumbani

Mume wangu alikuwa na ugomvi na mtu wa hali ya hewa. Hawakuwahi kukutana. Kila jioni habari zikiisha kwenye redio, yule bwana aliingia na sauti yake ya upole, akatuambia kwamba mvua za hapa na pale zinatarajiwa katika sehemu za magharibi, hasa wakati wa alasiri. Mume wangu alimjibu palepale, tonge likiwa mkononi: "Hapa au pale? Si useme!"

Mwaka wa kwanza wa ndoa nilikuwa nikicheka. Kufikia mwaka wa tatu nilikuwa nikimfokea yule bwana pamoja naye.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulipanga chumba kimoja Nairobi, katika mtaa uitwao Tena, jiko la mafuta taa nyuma ya pazia, watoto bado hawajaja. Yeye alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Mimi ni fundi wa cherehani, na mashine yangu ilikaa kwenye veranda ya duka la mama mmoja kutoka upande wa Mlima, si mtu wa kwetu, mama mwenye roho nzuri na ulimi mkali. Tulikula Nairobi, tukalala Nairobi, lakini hali ya hewa tuliyoifuatilia ilikuwa ya kilima kimoja huko magharibi, kilima chenye kanisa la mabati, shule, kinu cha kusaga unga na mashamba madogomadogo yaliyobanana. Huko ndiko mama mkwe wangu alikoishi peke yake. Redio haikuwahi kukitaja. Mtu wa hali ya hewa akisema magharibi, alikuwa anazungumzia nchi nzima kuanzia ziwani hadi mpakani, na sisi tulijua vizuri kwamba mvua inaweza kunyesha ng'ambo ya mto, watu wakaimba, na kilima chetu kikabaki kinatazama tu.

Ningependa kusema tulikuwa tunapenda kilimo. Si kweli. Tulikuwa na hofu.

Mwaka uliotangulia, mvua ya masika ilinyesha kabla sijafika. Mama mkwe hakungoja mtu. Aliamka asubuhi akashika jembe, na katikati ya shamba akaanguka. Alilala kwenye mtaro aliouchimba mwenyewe mpaka jioni, watu waliotoka sokoni walipomwona. Hospitalini walisema moyo wake haupigi sawasawa na asishike jembe tena maishani mwake. Aliwaitikia kwa heshima zote. Alipofika nyumbani akatuambia, "Yule daktari hana shamba."

Kuja Nairobi alikataa. Kumwajiri mtu wa kulima alikataa pia. Shamba lake lingelimwa na mkono wa mtu wake au mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu, na lilinikalia mimi kifuani: nifike kabla jembe lake halijagusa udongo. Mvua ya kwanza ikinyesha leo, kesho asubuhi yeye angekuwa shambani. Nisipokuwapo, tungeitwa kwenda kuzika.

Utauliza kwa nini nisiende mapema nikangoje huko. Kwa sababu ya veranda. Machi ndio mwezi wa nguo za Pasaka, na fundi asiyekuwapo Machi hana haja ya kuwapo Aprili. Mama mwenye duka alikuwa amekwisha kuniambia waziwazi, bila kinyongo. "Mimi nakupenda, lakini hii veranda haiwezi kukaa bure ikikungoja. Kuna fundi mwingine ameuliza. Mara mbili ameuliza. Hiyo mvua yenu ya huko ushago, kijijini kwenu, itakutoa hapa, wewe ona tu."

Simu kilimani haikuwepo. Barua ilichukua muda mrefu hivi kwamba habari ya mvua ingetufikia mahindi yakiwa magotini. Ndiyo maana mume wangu alisoma matope.

Hakuwa peke yake. Watu wengi wa kwetu walikuwa na kazi hiyo msimu ukikaribia. Asubuhi, kabla ya kuingia viwandani, walipitia stendi ya mabasi ya mbali, kule karibu na Muthurwa, wakazunguka mabasi yaliyofika kutoka nyumbani. Ungewakuta wanaume wazima ndani ya ovaroli, wameinama kando ya magurudumu, wanagusa, wananusa, wanabishana. Vumbi tupu, ngoja. Matone ya matope chini ya mlango, imerashia tu, ngoja. Matope mekundu mpaka madirishani, peleka mke nyumbani. Makondakta, ambao waliijua barabara tu na si mashamba ya ndani, walikuwa wamewazoea.

"Niaje, mzae!" mmoja alikuwa akimwambia mume wangu kila alipomwona. "Umekuja kuinspekti gari tena? Si uende tu trafiki wakupatie kazi!"

"We kata tiketi," mume wangu alijibu, bado ameinama. "Hii tabia yako ya kuosha gari njiani inatuharibia kazi."

Mwaka ule Februari iliisha bila kitu. Machi ikaingia. Mimi si mtu wa kungoja. Hata chai ikichelewa kuchemka huwa nafunua sufuria. Nilishona huku naangalia mbingu, na mbingu yenyewe haikuwa ile niliyoitaka. Mawingu yalikuja juu ya Tena nikayakasirikia. Mnafanya nini hapa? Nani amewaita? Siku moja mvua kubwa ilitupiga mtaani, matope yetu meusi yale yanayovua watu viatu yakajaa kila mahali, maji ya mtaro yakaingia mpaka mlangoni, nami nilikuwa ndani nimeegemeza sikio kwenye redio nisikie kama huko magharibi kumenyesha. Nguo zetu zote zilikuwa kwenye kamba nje. Jirani ndiye aliyezianua, zikiwa zimelowa chapachapa, akaniletea mlangoni na kuniuliza kama mimi ni mgonjwa.

Nilikuwa mgonjwa kidogo. Usingizi ulikuwa umepotea. Kila nilipofumba macho nilimwona yule mama amelala kwenye mtaro, leso yake imefunguka.

Asubuhi moja nilikuwa nashona rinda la Pasaka, la mtoto, la rangi ya maziwa, nimemaliza mkono mmoja. Nikamwona mume wangu anakuja mbio kutoka barabarani. Saa hiyo alitakiwa awe kazini. Mkononi alikuwa na gazeti limekunjwa kama la kufungia nyama. Alilifungua juu ya mashine yangu, juu ya kitambaa cha watu, na ndani kulikuwa na donge la matope mekundu, bado bichi.

"Mpaka madirishani," alisema, pumzi zikimwishia. "Mpaka juu ya madirisha! Imenyesha. Pakia."

Mama mwenye duka alitoka akaangalia lile donge, akaniangalia mimi. Sikumpa nafasi ya kusema. Nilimwomba amalizie rinda la mtoto, naye hajui hata kutunga uzi, nikaenda kufunga mkoba. Kabla jua halijapanda nilikuwa ndani ya basi.

Tulipofika kwenye milima ya chai basi lilitolewa barabarani. Barabara ilikuwa ikitengenezwa, na magari yalipitishwa kwenye njia ya pembeni, katikati ya mashamba ya chai, ambako mvua ilikuwa ikinyesha kama ilivyozoea kunyesha huko mwaka mzima. Lori lilikuwa limekwama mbele. Basi letu likakwama nyuma yake. Tulishuka, wanaume wakasukuma, magurudumu yakazunguka na kuturushia. Nilijipangusa usoni nikaangalia vidole vyangu. Matope mekundu. Nikaangalia basi. Mpaka juu ya madirisha.

Nilisimama pale kando ya njia nikataka kulia. Nilimuuliza kondakta kama jana pia walipita hapa. "Wiki nzima tunapita hapa, mathe," akasema. "Hapa ndio kuna shida. Mbele huko ni vumbi tu."

Na kweli ilikuwa vumbi tu. Kadiri barabara ilivyoteremka ndivyo nyasi zilivyozidi kuwa nyeupe. Niliwaza kushuka na kugeuza, lakini nauli ya kurudi ilikuwa kwa mume wangu, na mume wangu alikuwa Nairobi, ameridhika na kazi yake nzuri.

Nilishuka pale njia panda, viatu vyangu vikiwa vyekundu, nikaanza kupanda kilima. Kila mtu niliyekutana naye aliniangalia, akaangalia mkoba wangu, kisha akaangalia juu mbinguni. Mama mmoja jirani aliyetoka kuteka maji alitua ndoo yake chini kabisa.

"Umefika! Kwa hivyo redio imesema."

"Hapana, redio haijasema kitu. Nimekuja kumsalimia mama."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mke wa Nairobi anakuja kusalimia watu Machi? Hebu tuache!"

Sikuelewa mpaka jioni. Nilikuwa nimeketi nje na mama mkwe wangu, ambaye hakuniuliza chochote zaidi ya safari na afya ya mwanawe, ndipo nikaanza kusikia sauti za tupa. Krr, krr, krr. Boma la jirani, halafu la chini yake, halafu ng'ambo ya njia. Watu walikuwa wananoa majembe. Miaka yote hiyo sisi tulipokuwa tunasoma mabasi yao, wao walikuwa wanatusoma sisi. Sisi wake wa Nairobi ndio tulikuwa utabiri wao. Tuna redio, tuna magazeti, tunajua mambo. Tukishuka kwenye basi Machi na mkoba, mvua iko karibu. Mimi nilikuwa nimekuja kwa sababu ya matope ya kwenye chai, na sasa kilima kizima kingepanda kwa sababu yangu.

Nilimwambia mama mkwe yote, donge la kwenye gazeti na njia ya pembeni na lori. Alisikiliza bila kunikatiza, huku anachambua mboga. Mwisho alisema, "Kesho tutapanda kile kipande cha kando ya njia."

"Mama, udongo ni mkavu kama unga."

"Ulikuja kupanda au hukuja kupanda?"

Nikalima. Yeye aliketi kwenye kigoda chini ya kivuli cha ukuta na kibakuli cha mbegu mapajani. Nikichimba, anakuja taratibu, anadondosha, anarudi kuketi. Jembe hakuligusa. Hapo angalau nilishukuru. Mama wa ndoo alipita, akaegemea ua na kuuliza kwa sauti ya mtu anayejua siri, "Kwa hivyo nanyi mmeanza?"

"Mimi napanda kwa sababu mke wa mwanangu amekuja," mama mkwe akamjibu. "Wewe ukitaka kupanda, angalia mbingu."

Mama wa ndoo aliona tunamficha jambo. Alasiri hiyo alikuwa shambani kwake, yeye na watoto wake wote.

Mvua haikunyesha. Jua lilichomoza kila siku likiwa limeoga. Sisimizi wakabeba mbegu, kuku wakafukua zilizobaki, na ndege wakaja kuokota walizoacha kuku. Salamu njiani zikapungua utamu. Mzee mmoja aliniuliza kwa adabu kubwa kama redio ya Nairobi siku hizi imeharibika.

Wala sikuwa na kazi. Hilo ndilo lililonitesa. Miaka yote niliyokuja kilimani nilikuja na mvua, nikalima kama mtu anayefukuzwa, nikaondoka palizi ikiisha. Sikuwahi kukaa. Sasa tuliketi chini ya ukuta, mchana kutwa, na yeye alizungumza. Alizungumza juu ya mvua. Kila mwaka kwake ulikuwa na jina. Mwaka wa mawe, barafu ilipotoboa mabati ya kanisa na mchungaji akamalizia ibada chini ya meza. Mwaka wa mahindi ya njano, walipokula chakula cha msaada na watoto wakakataa ugali kwa sababu ya rangi. Mwaka mto ulipopanda mpaka kinuni, ndio aliomzaa mume wangu, na mkunga akavushwa mgongoni mwa mtu. Mwaka mumewe alipofariki mbingu ilikauka kabisa, kaburi likachimbwa kwa mtaimbo, wanawake wakaenda mbali kutafuta maji ya kuchanganyia simenti. "Nililia nikaona hata machozi ni kupoteza maji," alisema, akacheka, akajifuta.

Nilisikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa Tena, kwenye veranda. Mguu wangu ulicheza wenyewe kama uko kwenye pedali. Wakati mwingine aliuangalia ule mguu, kisha akaendelea.

Halafu kondakta niliyemtuma Nairobi na habari za matope ya kwenye chai akaniachia njia panda ujumbe wa mdomo kutoka kwa mume wangu: mama mwenye duka anauliza unarudi lini, na kuna mashine nyingine imeonekana pale.

Usiku ule niliamua. Asubuhi nilifunga mkoba, nikamwambia mama mkwe kwamba nitakwenda mara moja, niokoe nafasi yangu, na mvua ikikaribia nitarudi. Nilijua ninachosema ni uongo. Nani angeniambia imekaribia? Matope?

Hakubishana. Aliingia jikoni, akapanda kigoda, akashusha kutoka darini mtungi uliofunikwa kitambaa. Akaufungua mbele yangu.

"Hizi zitatosha shamba lote, siyo?" aliuliza. "Wewe nenda. Ikinyesha nitazipanda polepole."

Niliangalia ndani. Zilikuwa mbegu safi, nene, zimepakwa majivu. Mbegu za mwaka mzima.

"Mama, tulipanda nini basi kile kipande?"

"Zile zilizoliwa na fukusi. Za kupewa kuku."

"Kwa hivyo ulijua haitanyesha?"

"Nani anajua mvua? Udongo ulikuwa mkavu, hata wewe ulisema."

"Basi kwa nini ulinilimisha?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, na mimi sikuwa na haki ya kumpandishia sauti.

Aliufunika ule mtungi vizuri, akakaza kitambaa. "Ulishuka kwenye basi, kilima kizima kikakuona. Ningewaambia watu mke wa mwanangu amekuja bure?"

Nilikasirika. Nilikumbuka malengelenge ya mikono yangu, rinda la mkono mmoja, mama wa ndoo na watoto wake. Kisha hasira ikaisha yenyewe, ikaniacha nimesimama pale jikoni nikimtazama mwanamke mgonjwa aliyenilinda nisichekwe, akinipa ruhusa ya kwenda zangu, yeye abaki na jembe. Nilimpenda ghafla. Nilimnyang'anya mtungi nikaurudisha darini. Halafu nikaenda kufungua mkoba.

Ilinyesha siku kadhaa baadaye, alasiri, kama yule bwana wa redio alivyokuwa akisema siku zote. Tulisikia ikija juu ya mabati ya kanisa kabla haijatufikia. Asubuhi nilichimba, na yeye akawa anadondosha mbegu nzuri nyuma yangu, kichwani amejifunika gunia la plastiki, akinisuta kwamba mistari yangu imepinda. Moyo wake ulipiga unavyotaka kupiga, lakini jembe lilikuwa kwangu.

Niliporudi Nairobi basi lilikuwa na matope mpaka juu ya madirisha. Mume wangu alikuwa stendi. Aligusa matope kwanza, kisha akanigusa mimi. "Haya sasa ni ya nyumbani?" akauliza kwa woga kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nilicheka.

Pasaka ilikuwa imepita. Kwenye veranda kulikuwa na mama mwingine, mpole, na mashine mpya kuliko yangu. Mama mwenye duka alinipa soda na hakunitazama usoni. Tulibeba cherehani yangu mimi na mume wangu, yeye mbele mimi nyuma, mpaka chumbani, tukaiweka kando ya kitanda. Nililia jioni yote. Ile veranda niliipenda. Wateja wachache walinifuata ndani, wengi hawakunifuata.

Lakini mwaka uliofuata, Februari, niligundua kwamba sikuwa tena na veranda ya kulinda. Nilifunga mkoba.

"Basi lina vumbi tupu!" mume wangu akapiga kelele. "Nimeangalia leo asubuhi. Mpaka kwenye vioo, vumbi!"

"Najua."

Nilishuka njia panda viatu vikiwa vyeupe. Jua lilikuwa kali. Nilipanda kilima, na watu wakaniangalia mimi, mkoba, mbingu. Mzee wa redio iliyoharibika alikuwa ameshaanza kwenda kwenye banda la majembe. Mama wa ndoo alitua ndoo yake, akanifuata nyuma mpaka uani kwa mama mkwe, asiniachie nafasi ya kudanganya safari hii.

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi pale chini ya ukuta. Aliponiona alisogea kwenye mkeka, akaniachia nafasi.

"Haya, tuambie," mama wa ndoo akasema. "Mvua?"

"Hapana," mama mkwe akamjibu. "Amekuja tu."